Anza na Saa ya Kutoka: Mwongozo wa Kuingia Mapangoni Ughaibuni

Safari ya pango hupangwa kuanzia mwisho. Kwanza unaamua utatoka saa ngapi. Kisha unaamua ni nani atakayejua kwamba hujatoka. Hapo ndipo swali la kuingia linapopata nafasi yake. Wasafiri wengi hulianza jambo hili na nguo za kupigia picha. Wengine huanza na video fupi waliyotumiwa kwenye simu: jamaa amesimama chini ya mwanga unaomwagika kutoka juu, muziki wa kishujaa unalia, na kabla haijaisha wameshaanza kuulizia tiketi. Video ile haioneshi jinsi jamaa alivyotambaa kwa tumbo kwenye matope kabla ya kuufikia mwanga. Wala haimwoneshi yule aliyebaki nje akiwa na karatasi yenye majina ya walioingia. Mwongozo huu ni wako wewe na ni wa huyo wa nje pia, na yeye ndiye ninayemwonea huruma zaidi.

Mapango yapo dunia nzima, kwa hiyo nachagua sehemu moja ili tuzungumze mambo yanayoshikika: Yorkshire Dales, kaskazini mwa Uingereza. Wengi wetu tuna ndugu Leeds, Bradford au Manchester. Unakwenda kuwatembelea, wiki ya kwanza inaishia kwenye maduka na picha za mjini, wiki ya pili mvua inakufungia sebuleni, na unaanza kutafuta jambo la kusimulia utakaporudi. Mwendo mfupi wa treni kutoka Leeds upo mwamba wa chokaa wenye umri wa zaidi ya miaka milioni 300, uliotobolewa na maji ya mvua mpaka ukajaa vyumba, visima na vichochoro. Ni mahali pazuri mno. Mtu akipaingia kwa akili, anatoka na furaha ambayo hakuna duka litakalomuuzia.

Chagua pango linalokutosha

Kila kundi la wasafiri lina komando wake. Ni yule aliyepanda Kilimanjaro mwaka juzi, au aliyefika geti la Marangu akapiga picha na kugeuza, na sasa hataki kusikia habari ya pango la wanaoanza. Anataka lenye jina.

Komando atakutajia Gaping Gill. Mpe haki yake, maana ni mahali pa kutikisa moyo. Kijito cha Fell Beck kinateremka ubavuni mwa mlima Ingleborough, kinafika kwenye tundu la ardhini na kutumbukia karibu mita 100 mpaka kwenye ukumbi mkubwa wa giza. Mfaransa Édouard-Alfred Martel ndiye aliyefika chini kwa mara ya kwanza, mwaka 1895, akishuka kwa ngazi za kamba huku akizungumza na walio juu kwa simu ya waya. Izingatie hiyo simu. Mtu aliyekuwa bingwa wa mapango Ulaya nzima hakuona aibu kuunganishwa na mtu aliyesimama nje kwenye nyasi. Komando wetu anaona aibu kumwambia dada yake anakwenda wapi.

Kushuka Gaping Gill kwa kamba ni kazi ya watu waliojifunza kwa muda mrefu, na mgeni wa wiki mbili hana muda huo. Lakini ipo njia nyingine. Mwishoni mwa Mei na tena mwezi wa Agosti, vilabu viwili vya huko, Bradford Pothole Club na Craven Pothole Club, kila kimoja kwa zamu yake, hufunga winchi juu ya tundu hilo na kuwateremsha wageni wanaolipa ada, mmoja mmoja, wakiwa wameketi kwenye kiti. Ukiweza kupanga likizo yako iangukie siku hizo, komando atapata alichokitaka bila kumtia mtu yeyote matatani.

Kama tarehe zimekataa, nenda Long Churn. Lipo karibu na Selside, jirani na kijiji cha Horton-in-Ribblesdale ambako treni ya kutoka Leeds husimama. Waongozaji wengi huwapeleka wanaoanza pale, na wana sababu: unatembea ndani ya mkondo wa maji, unateremka maporomoko madogo, unainama, unatambaa, na ukiwa na mtu anayejua njia unaweza kufika mahali pa kuchungulia shimo kubwa la Alum Pot, mwanga wa mchana ukiingia kutoka juu na majani mabichi yakiwa yamening’inia ukutani.

Humo ndani ipo sehemu iitwayo Cheese Press. Mwamba wa juu na wa chini umekaribiana kiasi kwamba unalala kifudifudi na kugeuza uso upande mmoja. Helmeti inakwaruza dari. Mikono inatangulia, kifua kinafuata, na unasogea kwa viwiko na ncha za vidole vya miguu. Ukivuta pumzi kwa nguvu, mgongo unagusa jiwe; ukiitoa, unapata nafasi ya kusogea tena. Hapo ndipo mtu hujua kama alikula ugali mwingi jana usiku. Mwenye kifua kipana, au mwenye moyo uliogoma, iko njia ya kupita pembeni, na mwongozaji ataionesha bila kuulizwa sababu. Ipite. Hakuna anayetoa cheti upande wa pili.

Na kama hata hilo linakutia wasiwasi, yapo mapango yenye taa, vijia na vyuma vya kushikia: Ingleborough Cave, linalopokea wageni tangu karne ya 19, na White Scar, lililogunduliwa na wanafunzi mwaka 1923. Kuanzia huko ni uamuzi wa mtu mwenye busara. Utayaona maumbo ya chokaa kwa utulivu, na utajua kama giza na kuta zilizokaribiana vinakubaliana na mwili wako kabla hujajikuta mahali pasipo na mlango wa karibu.

Mlipe mwongozaji

Katika kila ukoo ulio ughaibuni yumo binamu anayesema, “Mwongozaji wa nini? Mimi pale nimeshafika.” Muulize maswali matatu. Maji ya pango hilo yanatoka wapi? Yakipanda, tunakimbilia wapi? Taa yako ikizimika, ya pili iko wapi? Akianza kucheka badala ya kujibu, mwambie atakuwa dereva, na umsifie kwa udereva wake.

Mwongozaji wa kweli ana cheti kinachotambuliwa na British Caving Association, chama cha taifa cha wapenda mapango. Muulize cheti chake kinamruhusu kuongoza mapango ya aina gani, kwa sababu wapo wanaoruhusiwa kwenye mapango ya kutembea tu na wapo wanaoruhusiwa kwenye visima vya kamba. Mwenye nacho hukasirika mara chache sana akiulizwa. Mweleze pia ukweli kuhusu mwili wako: pumu, goti lililowahi kufanyiwa upasuaji, ujauzito, hofu ya kubanwa, miwani, kutojua kuogelea. Watu wetu wana tabia ya kujibu “niko fiti” kwa kila swali la afya. Pangoni jibu hilo huwachosha wenzako, maana ukiishiwa nguvu ndani ni wao watakaokubeba, na kumtoa mtu aliyevunjika mguu kwenye njia ya kutambaa ni kazi ya watu wengi kwa saa nyingi.

Ninasisitiza malipo kwa sababu nyingine pia. Ujuzi wa pango ni mali ya mtu aliyeutafuta kwa magoti yake. Huko Kentucky, Marekani, kijana mtumwa aitwaye Stephen Bishop aliletwa kuongoza wageni katika Mammoth Cave mwaka 1838. Akavuka shimo ambapo waliomtangulia walikuwa wameishia, akafungua njia nyingi zisizojulikana, na akachora kwa kumbukumbu ramani iliyochapishwa miaka ya 1840. Wageni walilipa kuongozwa naye, lakini yeye alibaki mali ya mtu mpaka mwaka 1856, na mwaka uliofuata akafariki. Leo Mammoth Cave ndilo pango refu kuliko yote yanayojulikana duniani, zaidi ya kilomita 680 zilizopimwa, na sehemu muhimu ya mwanzo wa ujuzi huo ilitoka kwenye kichwa cha mtu ambaye hakulipwa alichostahili. Kwa hiyo ukiona bei ya mwongozaji, usianze ile hesabu ya “kwa pesa hii ningenunua viatu viwili”. Lipa, na kama amekuhudumia vizuri, mwongeze.

Maji

Sehemu hii naomba uisome mara mbili, na umsomee komando kwa sauti.

Mapango mengi ya Yorkshire ni njia za maji, na bado yanafanya kazi. Mvua ikinyesha mlimani, maji hupita kwenye nyufa za chokaa na kuteremka kwa kasi. Mvua hiyo si lazima inyeshe juu ya kichwa chako. Aliyekulia Dodoma anaijua hali hii kwa makorongo: unavuka kwenye mchanga mkavu chini ya jua kali, na mvua iliyonyesha mbali vilimani inakufikia ikiwa ukuta wa maji ya rangi ya udongo. Tofauti ni kwamba kwenye korongo unaweza kupanda ukingoni. Ndani ya njia yenye kimo cha nusu mita, ukingo haupo.

Juni 1967, vijana 10 waliingia Mossdale Caverns, pango refu la njia nyembamba katika Dales hizohizo. Wanne walitoka mapema. Mvua ikaja, na mmoja wa wale wanne akarudi kuangalia wenzake, akakuta mlango umefunikwa na maji. Alikimbia nyikani kutafuta msaada. Waokoaji walikuja kwa wingi, wakahangaika kuugeuza mkondo usiingie pangoni, lakini vijana sita waliobaki ndani walikuwa wameshakufa. Walikuwa wazoefu. Nawataja hapa kwa heshima, na kwa sababu wapo watu wanaoamini kwamba maji huwapata wageni na wajinga peke yao.

Kisa cha Thailand karibu kila mtu anakikumbuka. Tarehe 23 Juni 2018, watoto 12 wa timu ya mpira na kocha wao waliingia pango la Tham Luang baada ya mazoezi. Mvua ikajaza njia nyuma yao. Kilichowafanya watu wajue wako wapi ni baiskeli zilizoachwa mlangoni. Walipatikana tarehe 2 Julai na wapiga mbizi wa mapango kutoka Uingereza, Rick Stanton na John Volanthen, na wa mwisho wakatolewa tarehe 10 Julai. Wote 13 walitoka hai. Saman Kunan, aliyewahi kuwa askari wa jeshi la wanamaji la Thailand, alikufa akitoka kupeleka mitungi ya hewa ndani. Kila ninapokifikiria kisa hiki narudi kwenye zile baiskeli. Zingekuwa zimefichwa vichakani zisiibiwe, utafutaji ungeanzia wapi?

Basi fanya hivi. Siku tatu kabla, anza kufuatilia utabiri wa hali ya hewa wa eneo la mlima wenyewe. Utabiri wa Leeds mjini hautoshi. Uliza pia mvua imenyesha kiasi gani wiki nzima, kwa sababu ardhi iliyokwisha kuloa haina tena nafasi ya kushika maji, na manyunyu ambayo wiki kavu yasingefanya lolote yanaweza kupandisha mkondo. Angalia radi, angalia theluji inayoyeyuka. Halafu mwachie mwongozaji uamuzi wa mwisho. Akisema “leo hatuingii”, mshukuru na umnunulie chai. Usimwambie umetoka Mwanza. Maji hayajui umetoka wapi, na viza yako inayokaribia kuisha si kosa lake.

Kwa hiyo kwenye ratiba yako acha angalau siku mbili zinazofaa, ili ya kwanza ikikataa ibaki ya pili. Na uwe na jambo mbadala la siku ya mvua. Mimi ningekwenda kuliangalia daraja la reli la Ribblehead, lenye matao 24 ya mawe, lililojengwa miaka ya 1870 kwenye bonde lenye upepo wa kukata masikio. Unasimama chini, treni inapita juu, komando anapata picha yake, na jioni wote mnakula mezani.

Mtu wa nje

Sasa tumefika kwa mtu muhimu kuliko wote. Asiwe kijana mwenzako ambaye simu yake huzimika chaji kila jioni. Asiwe rafiki atakayesema “watakuwa wamepitia mahali” mpaka usiku wa manane. Mimi naamini shangazi ndiye chaguo bora zaidi duniani kwa kazi hii, kwa sababu shangazi hana uwezo wa kusahau kwamba hujafika.

Mazungumzo yatakwenda hivi:

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba mwanangu. Umekula?”

“Nimekula. Shangazi, kesho naingia pangoni, huko Horton.”

“Pangoni? Umekosa nini humu ndani?”

“Tunakwenda na mwongozaji, shangazi. Tutatoka saa 9 na nusu. Sasa ikifika saa 11 na nusu sijakupigia…”

“Saa 11 na nusu! Mimi saa 9 na dakika 31 nitakuwa nimeshawaamsha polisi wa Yorkshire nzima.”

Hapo unamweleza kwa upole kwamba pangoni mtu hutoka kwa kuchelewa: mmoja anachoka, mwingine buti limejaa maji, mwingine anapiga picha ya tope. Ndiyo maana kuna muda wa kutoka na kuna muda wa kupiga simu ya dharura, na kati yake kuna saa kadhaa za subira. Saa hizo zipange na mwongozaji. Zikiwa chache mno, watu watasumbuliwa bure. Zikiwa nyingi mno, aliyeumia anazidi kupoa gizani.

Kisha mwandikie ujumbe. Usimsimulie kwa mdomo pekee, mwandikie, naye aubandike kwenye friji:

“Pango: Long Churn, karibu na Selside, Horton-in-Ribblesdale. Tupo watano pamoja na mwongozaji. Majina yetu yote na namba ya simu ya mwongozaji yapo chini. Tumeegesha gari jeupe barabarani Selside, namba yake ni hii. Tunaingia 12:30. Tunategemea kutoka 15:30. Nitakupigia kabla ya 17:30. Ikifika 17:30 hujasikia sauti yangu, mpigie mwongozaji. Asipopatikana piga 999, omba polisi, waambie unahitaji waokoaji wa mapangoni, na uwasomee karatasi hii kama ilivyo. Usiendeshe gari kuja kututafuta.”

Umeona nimeandika saa kwa tarakimu 24? Shangazi anasema saa 11 na nusu, polisi anasikia karibu usiku wa manane, na mwanawe yuko ndani ya jiwe. Mambo ya saa za Kiswahili na saa za Kizungu huvumilika kwenye mwaliko wa harusi. Hapa yaandike 17:30, na umfanye shangazi ayarudie kwa sauti.

Watakaokuja ni watu wa kujitolea. Katika eneo hilo ipo Cave Rescue Organisation, yenye makao yake kijiji cha Clapham, iliyoanzishwa mwaka 1935. Ni walimu, wakulima, mafundi, wapenda mapango wa kawaida wanaoacha chakula mezani usiku na kuingia kwenye maji ya baridi kumtafuta mtu wasiyemjua. Hawakutozi. Ukipita kijijini na kuona kisanduku chao cha michango, tia kitu, hata kama safari yako ilikwenda salama kabisa. Hasa kama ilikwenda salama.

Baridi, nguo na taa

Ndani ya mapango ya Yorkshire hewa hukaa kwenye nyuzijoto 8 hadi 10 mwaka mzima, na maji yake ni ya baridi hiyohiyo. Mtu wa Dar es Salaam anayetafuta sweta akiona wingu anapaswa kulichukulia suala hili kwa uzito. Jinzi haifai, na sweta la pamba lenye kofia, lile ulilolinunua makusudi kwa ajili ya Ulaya, libaki kabatini: pamba ikiloa hukaa na maji na kuunyonya mwili joto. Vaa sufu au nguo za manyoya ya sintetiki, soksi nene, na juu yake ovaroli ngumu isiyopitisha maji. Ovaroli, mkanda, helmeti yenye taa na mara nyingi mabuti ya mpira, mwongozaji atakukodisha au kukupa. Usinunue chochote kabla hujajua kama unaupenda mchezo huu.

Taa ndiyo inayoamua. Wazoefu hubeba vyanzo vitatu vya mwanga kwa kila mtu, na mwanga wa simu hauhesabiwi. Betri zote ziwe mpya siku hiyo. Kwenye begi dogo lisilopitisha maji weka chakula kisichoharibika kikibanwa. Chapati iliyokunjwa mara nne na kufungwa vizuri inastahimili pango kuliko sambusa yoyote, na ukiila humo ndani umeketi juu ya jiwe lililoloa utaiona tamu mara mbili. Nenda haja kabla ya kuvaa ovaroli. Mwambie komando kwanza, maana ndiye atakayekumbuka akiwa katikati ya Cheese Press.

Popo, viatu na mipaka

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu zetu za kuheshimu mapango yenye popo. Pango la Kitum, kwenye Mlima Elgon upande wa Kenya, ambako tembo huingia gizani kuchimba chumvi kwa pembe zao, linahusishwa na wagonjwa wa homa ya Marburg wa mwaka 1980 na 1987. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alifariki kwa ugonjwa huohuo baada ya kuingia pango la chatu katika msitu wa Maramagambo, Uganda, lenye maelfu ya popo wala matunda. Kwa hiyo kabla ya kuingia pango la nchi yoyote, uliza kuhusu popo wake. Kama ni pango linalojulikana kwa ugonjwa, usiingie, hata jamaa wa getini akikuambia yeye huingia kila siku.

Upande wa pili, sisi nao tunaweza kuwadhuru popo. Amerika Kaskazini kuvu aliyeonekana kwanza jimbo la New York mwaka 2006 ameua mamilioni ya popo walio kwenye usingizi wa majira ya baridi, na kuvu huyo yupo Ulaya, ambako popo wanaishi naye bila kufa kwa wingi. Anasafiri kwenye tope la mabuti. Ukitoka Yorkshire na safari yako inaendelea Marekani, mabuti na ovaroli za Uingereza zisiguse pango la huko kamwe. Azima nyingine. Na popo waliolala, popote walipo, usiwamulike wala kuwasogelea. Kila wakiamshwa wanatumia mafuta ya mwili waliyoyaweka ya kuwavusha mpaka majira ya joto.

Na kabla ya kuvuka mpaka wowote, bima yako isome mwenyewe, neno kwa neno. Bima nyingi za safari zinaitenga michezo ya mapangoni, na sentensi inayosema hivyo huwa ukurasa wa tisa. Kwa mgeni asiye na kibali cha ukaaji, huduma ya kitengo cha dharura katika hospitali za umma za Uingereza haitozwi, lakini akishalazwa anaweza kutozwa asilimia 150 ya gharama ya kawaida. Ongeza kipengele cha mapango kwenye bima yako kwa jina lake, na upate jibu kwa maandishi.

Ukiwa ndani

Usiguse maumbo ya chokaa. Tone moja huacha chembe isiyoonekana, na linalofuata huacha nyingine. Mrija wa urefu wa kidole unaweza kuwa ulianza kabla mji wa Kilwa haujajengwa. Mafuta ya kidole chako yakishika hapo, maji hayashiki tena. Usichonge jina lako. Aliyekulia Tanga amewahi kusikia mapango ya Amboni yakisimuliwa kwa sauti ya adabu, na amewaona watu wakiacha sadaka kwenye mzimu. Adabu hiyohiyo ipeleke Yorkshire, hata kama wenyeji wa huko hawaachi ubani. Kila ulichoingia nacho, pamoja na karatasi ya chapati na haja zako zote, toka nacho.

Halafu fika mahali penye nafasi, kaeni chini wote, mzime taa. Mwongozaji akiwa hajawaambia, mwombeni. Dakika mbili zinatosha. Giza hilo hulijui, hata kama umekulia kijijini kusikokuwa na umeme, maana huko kulikuwa na nyota. Hapa unapitisha mkono mbele ya macho na huoni chochote, unasikia maji mbali na pumzi ya jirani yako, na komando, kwa mara ya kwanza tangu mtoke Leeds, hana la kusema. Kwa dakika hizo mbili peke yake ningemshauri mtu yeyote afunge safari.

Baada ya kutoka

Mpigie shangazi. Kabla ya picha, kabla ya chai, kabla ya kuvua mabuti. Ikiwa bonde halina mtandao, na sehemu nyingi za Dales hazina, jueni tangu asubuhi ni wapi mtapata simu, na muda wa kufika hapo uingizwe kwenye hesabu ya saa za subira. Waokoaji huitwa mara kwa mara kuwatafuta watu waliokwisha kutoka zamani na wako hotelini wanakula, na hilo ni jambo la kuwafanyia watu wa kujitolea ambalo halina msamaha.

Kisha vua nguo za maji palepale, vaa kavu, kunywa kitu cha moto. Nguo zenye tope zifunge kwenye mfuko mgumu wa plastiki. Ovaroli ya kukodi irudishe kwa mwenyewe, naye ataisafisha kwa utaratibu wake. Zako binafsi zioshe nje kwa bomba na brashi mpaka maji yatoke meupe, kisha uzitie dawa ya kuua vijidudu na uzianike zikauke kabisa. Mashine ya kufulia ya shangazi usiisogelee na kitu chochote kilichotoka pangoni. Tope la chokaa huziba bomba lake la maji machafu, na fundi wa mashine Leeds anatoza kwa saa, kuanzia anapowasha gari kwake.